Hesabu Vituo Vitano

Juma lililopita niliwaacha nimesimama juu ya ngazi za kituo cha karibu na ofisini kwangu, simu sikioni, shemeji yangu Wagida ananipigia mayowe. Wengine wenu mmeliandikia gazeti kunitukana. Sawa, tukaneni, ila ngojeni nimalize, maana hamjajua hata nusu.

Kwa anayenisoma leo mara ya kwanza: mimi ni Shukri, karani, mzaliwa wa Kairo. Siku tatu kabla ya asubuhi ile niligombana na mke wangu Ibtihal, mwenye mimba ya miezi mitano, nikaenda kulala kwa mama yangu. Nilitoka na mkoba wangu wa ngozi na tai shingoni. Miwani niliisahau juu ya meza, na kurudi kuichukua nikaona ni kujishusha.

Asubuhi ile, nikibadili treni kituo cha Tahuna, mzee mmoja wa kanzu ya kijivu alinishika mkono. Begani alining'iniza deli la buluu, lile la wauza barafu.

"Mwanangu, treni ya Bir Salim ni ipi?" Akanipa na karatasi nimsomee.

Bila miwani niliona michirizi tu. Nikaikazia macho kama hakimu, nikatikisa kichwa, nikamwambia: "Haji, shuka ngazi mbili, pinda kulia, panda treni ya jukwaa la pili, hesabu vituo vitano, teremka."

Vituo vitano! Nilivitoa wapi? Hata leo sijui.

Kwetu mtu akikuuliza njia humwambii hujui. Ni aibu, sawa na kumfungia mgeni mlango. Na mimi nimepita Tahuna miaka kumi na mmoja, asubuhi na jioni. Najua nipande behewa la tatu, mlango wa pili, ili milango ikifunguka ngazi iwe mbele ya pua yangu. Nje ya ngazi hiyo moja sijui kitu. Ile treni ya chini kabisa, waliyoifungua mwaka juzi, sijawahi kuipanda hata siku moja.

Mzee akaniombea dua ndefu, akateremka. Nami nikapanda treni yangu kwenda kazini, moyo mweupe kabisa.

Sasa turudi kwenye simu.

"Shukri! Tangu alfajiri nakupigia!"

"Nilikuwa chini ya ardhi, hakuna mtandao."

Uwongo. Namba yake niliifungia siku ya ugomvi. Asubuhi ile alipiga kwa simu ya nesi.

"Ibtihal anatoka damu. Tuko hospitali ya Bir Salim. Daktari anataka mifuko miwili ya damu, O hasi, kabla ya adhuhuri. Bila hiyo hamgusi kwa kisu, na asipomgusa tunampoteza."

"Hospitali hawana?"

"Wangekuwa nayo ningekuwa napiga kelele? Mjomba Mitwalli kaichukua kwenye benki ya damu tangu saa mbili. Barabara zimefunga, akasema atakuja na metro. Mpaka sasa hajafika, na simu hana."

"Mjomba Mitwalli yupi?"

"Ndugu yake mama, aliyerudi juzi kutoka Libya. Wewe hujamwona. Mzee, kavaa kanzu ya kijivu, kabeba deli la buluu."

Nilikaa chini palepale kwenye ngazi, na watu wakanipita juu ya miguu.

"Shukri? Umenisikia? Siku mbili nzima anatoka damu pale ndani!"

"Siku mbili? Na kwa nini hakwenda hospitali?"

"Unaniuliza mimi?" akasema Wagida, sauti imeshuka ghafla. "Uulize ulimi wako." Akakata.

Nilijua alichokusudia. Ninyi hamkijui, kwa sababu nimewaficha tangu juma la kwanza. Nitafika huko, leo sina pa kujificha.

Ilikuwa saa tatu na nusu. Nikarudi Tahuna.

Tahuna maana yake ni kinu. Treni tatu zinakutana pale, moja chini ya nyingine, na watu wa mjini husema kilichoingia Tahuna hutoka unga. Nilikuwa nacheka nikisikia hivyo. Siku ile milango ilipofunguka na umati ukanitapika nje, sikucheka.

Nikamkimbilia mlinzi wa ngazi. "Umemwona mzee mwenye deli la buluu?"

"Nimemwona. Kapanda juu, dakika hii hii."

Nikapanda juu. Nikamuuliza mama mmoja aliyebeba mtungi wa achari.

"Deli la buluu? Kashuka chini, maskini, mbio mbio. Wahi!"

Nikashuka. Kijana wa chuo akaapa kwamba mzee ameingia treni ya Hosh Basha, tena alimwachia kiti. Bwana mmoja aliyekuwa akisoma gazeti akasema hapana, ametoka kwa mlango wa sokoni, deli kichwani. Nikatoka mlango wa sokoni. Muuza mkate wa ufuta akanirudisha ndani.

Mtu wa sita alikuwa bwana wa rika langu, mwenye mkoba kama wangu na tai kama yangu. Akanisikiliza, akakunja uso kwa fikira, akanyoosha kidole.

"Ustadhi, nenda moja kwa moja, shuka ngazi tatu, shika kushoto. Utamkuta."

"Wewe umemwona kwa macho yako?"

"Shuka ngazi tatu, nakwambia."

"Nakuuliza umemwona?"

Akakasirika. "Mtu anakusaidia, nawe unamhoji kama askari! Hili nalo limetoka wapi?" Akaenda zake.

Nilimtazama mgongo mpaka akapotea. Nilijiona mimi nikienda kazini asubuhi, moyo mweupe. Nilitaka kumfuata nimpige ngumi, na sijui ngumi ile ingekuwa ya nani.

Saa nne na robo nikagonga kioo cha chumba cha matangazo. Karani wa ndani alikuwa anakunywa chai.

"Nimepotelewa na mtu. Naomba umtangaze."

"Tunatangaza watoto tu. Mtoto ana miaka mingapi?"

"Sabini."

Akaweka glasi chini. "Unanitania, ustadhi?"

"Ana damu ya mke wangu mkononi."

"Basi nenda polisi!"

"Si hivyo, ndugu yangu. Ni damu ya kumwongezea. Mke wangu anakufa."

Alinitazama, akaitazama tai yangu iliyokwenda upande, kisha akavuta kipaza sauti. Nadhani aliogopa kuvunja utaratibu, maana alisema: "Mtoto Mitwalli, umri miaka sabini, amevaa kanzu ya kijivu, ana deli la buluu. Mtoto Mitwalli akae alipo, jamaa yake anamtafuta."

Jukwaa zima likaangua kicheko. Mimi nikalia mbele yao bila haya.

"Mtangaze tena," nikamwambia. "Mtangaze mpaka adhuhuri."

"Nitamtangaza, ustadhi. Kunywa maji kwanza."

Sikunywa. Chini ya ngazi ya kati hukaa mama mmoja muuza tishu, Umm Hilal. Miaka kumi na mmoja nampita, sijawahi kumsalimia. Jina lake nililijua siku ile tu.

"Mama, umemwona mzee mwenye deli la buluu?"

"Nimemwona."

"Kaenda wapi?"

"Sijui."

Nikadhani sikusikia vizuri. "Hujui?"

"Sijui, mwanangu. Mimi nimekaa, wao wanapita. Nitakudanganya ili iwe nini?"

Wallahi, nilitaka kuibusu mikono yake. Nikachuchumaa.

"Mara ya kwanza alipita anacheka," akasema. "Mara ya pili anahema. Alihesabu vituo vitano, akatokea mahali pa viwanda, hakuna hospitali wala zahanati, wakamrudisha huku. Mara ya tatu alikuwa analia. Anamtafuta bwana mmoja aliyebaki na karatasi yake. Anasema, 'Ni bwana mwema, alisahau tu kunirudishia. Ana mkoba wa ngozi.'"

Akautazama mkoba wangu.

"Kama huo," akasema.

Mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye mfuko wa shati. Karatasi ilikuwamo. Niliikunja vizuri kwa mikunjo minne, kama nikunjavyo barua za ofisini, nikaitia mfukoni na kwenda nayo kazini.

Alipita binti wa shule na begi mgongoni. Nikamsimamisha.

"Binti yangu, nisomee hii. Miwani sina, sioni kitu."

Maneno mepesi kama hayo! Ningeyasema saa mbili na nusu asubuhi, leo nisingekuwa na kisa cha kuwauzia.

Binti akasoma: "Hospitali ya Bir Salim. Mpeleka damu asizuiwe. Mgonjwa: Ibtihal Shakir. Kundi la damu: O hasi. Mume: Shukri Abdel-Tawwab." Akainua macho. "Ami, unawajua hawa?"

Jina langu lilikuwa kwenye karatasi ile, tangu asubuhi, juu ya kifua changu.

"Na deli?" nikamuuliza Umm Hilal. "Mama, na deli alikuwa nalo?"

"Deli wamelizuia polisi. Alipotoka nje kwa bahati mbaya akataka kuingia tena, mashine ya kukagua mizigo ikaonyesha damu, na karatasi hana. Kimbia, mwanangu."

Ofisi ya polisi ya kituo iko nyuma ya mashine za tiketi. Ofisa aliyekuwa zamu aliitwa Rifaat, mtu mzima mwenye alama ya sijda kwenye paji la uso. Deli lilikuwa juu ya meza yake. Maji yalikuwa yanachuruzika kwenye kona, yamelowesha faili, yanadondoka sakafuni.

"Afande, hiyo ni damu ya mke wangu."

"Kila mtu leo ana habari zake," akasema. "Mwenye deli yuko wapi?"

"Mimi ndiye nakuuliza wewe."

"Kaniachia, kaenda kumtafuta mwizi wa karatasi yake. Nimemwambia kaa hapa, mzee, utapotea. Akasema hawezi kukaa, kuna mtoto wa dada yake anakufa."

"Mwizi ni mimi." Nikaiweka karatasi mezani.

Rifaat aliisoma pole pole, mara mbili. Akataka kitambulisho, akalinganisha jina na jina. Akafunua deli, akatia kidole, akakunja uso. Vipande vya barafu vilivyobaki vilikuwa vidogo kama tende.

"Kwa karatasi hii damu inatoka," akasema. "Naitoa kwa mzee aliyeichukua, au kwa mume aliyeandikwa hapa. Nitampigia nesi nihakikishe, uweke saini, nikupe na askari akupeleke. Bir Salim ni vituo vitatu tu, treni ya juu."

Vituo vitatu, treni ya juu. Ukutani saa yake ilionyesha saa tano na robo.

Akapiga namba ya nesi iliyoandikwa chini ya karatasi, akaiweka simu mezani ili wote tusikie. Iliita sana. Aliyepokea hakuwa nesi, alikuwa Wagida.

"Nani? Mjomba?"

"Polisi wa Tahuna, bibi. Mgonjwa Ibtihal Shakir ni wako?"

"Dada yangu. Damu iko wapi? Kwa jina la Mungu, damu iko wapi?"

"Iko mbele yangu. Nataka kuhakikisha jambo moja. Mume wake ni Shukri Abdel-Tawwab?"

Wagida akacheka kicheko kikavu. Ningependelea anitukane.

"Mume? Dada yangu hana mume. Kaachika leo asubuhi."

Rifaat akaniinulia macho. Basi wasomaji wangu, nililowaficha ni hili.

Siku ya ugomvi Ibtihal alisema tumbo linamuuma, anataka kwenda kwa dada yake, Wagida ampeleke kwa daktari. Mimi nikaona ni hila. Nikaona anataka kwenda kunisema. Nikasimama mlangoni, nikaapa kiapo tuapacho wanaume wa mji huu kwa bei ya samaki na kwa bao la mpira: "Talaka juu yangu! Ukivuka kizingiti hiki, umeachika!" Kisha nikauvuka mimi.

Na yeye hakuuvuka.

"Siku mbili," Wagida alikuwa anasema, sauti inatoka mezani kando ya deli. "Siku mbili anatoka damu kwenye mataulo, mlango uko wazi, anasema siwezi, Shukri ameapa. Nikamwambia twende, akashika mguu wa kitanda. Leo alfajiri kazimia ndipo tukambeba na majirani. Tumemvusha kizingiti kichwa mbele kama maiti, afande. Muulize huyo bwana kama yuko hapo. Muulize, tulimvusha sisi au kavuka mwenyewe?"

Nje spika ikasema: "Mtoto Mitwalli, umri miaka sabini." Hakuna aliyecheka tena, walikwisha kuizoea.

Rifaat akasugua paji la uso. "Ulimuuliza shehe yeyote?"

"Hapana."

"Kiapo ulikikusudia, au ulikuwa unatisha tu?"

Nikainyoosha tai yangu.

"Afande," Wagida akalia, "mwachie damu! Mpe yeye, mpe shetani, mradi ifike! Daktari amekwisha kuvaa glavu!"

"Bibi, nimekusikia. Lakini naandika kwenye daftari la serikali, na damu hii ikimfika vibaya wataniuliza nilimpa nani." Akafungua daftari, akaweka kalamu juu yake, akaisukuma kwangu. "Ustadhi, sitaki hotuba. Neno moja. Ukiniambia ndiyo, utaweka saini hapa penye 'mume' na kuondoka, na dhambi ni yako. Ukiniambia siyo, tutamsubiri mzee. Ibtihal Shakir ni mkeo, au si mkeo?"

Jibu lilikuwa jepesi, na kila aliyekuwepo alikuwa ananiombea nilitoe. Ndiyo. Silabi mbili. Mimi niliyemwambia mgeni ahesabu vituo vitano bila kupepesa macho, mimi niliyesoma karatasi bila miwani, ningeshindwa na ndiyo?

Nikaishika kalamu. Nikatazama maji yanavyodondoka kutoka kwenye deli. Nikamwona Ibtihal ameshika mguu wa kitanda, anaogopa kizingiti changu kuliko kifo.

Siku moja tu katika maisha yangu ilihitajika nijibu kama mtu anayejua, na siku hiyo ulimi ulinigeuka.

"Sijui," nikasema.

Rifaat akanielekezea sikio.

"Wallahi, afande, sijui."

Akanyoosha mkono taratibu, akaichukua kalamu kutoka vidoleni mwangu. Mezani simu ilikuwa bado iko hewani.

"Kasema nini?" sauti ya Wagida ikauliza. "Afande? Sikusikia. Kasema nini huyo?"